Masika Msomaji Wangu Aliponyamaza

Jumatatu, Aprili 7

Nimeiteremsha mashine ya breli kutoka juu ya kabati baada ya miaka mingi. Ndugu yangu Taib amenisikia nikiigonga akaja kusimama mlangoni.

"Zakiya, hicho chuma chapiga kelele kama cherehani mbovu. Kwa nini huandiki kwenye kompyuta?"

Nimemwambia yeye ana macho, anaweza kuandika kwa kalamu kimyakimya, lakini mimi kila herufi lazima niigonge. Na kwenye kompyuta siandiki kwa sababu kompyuta ndiyo ninayotaka kuisengenya.

Leo asubuhi Mona ametuita sote ofisini kwake. Kampuni ya meli ya ng'ambo, ambayo ndiyo inatupa nusu ya mizigo tunayoitoa bandarini, imeandika kwamba mwisho wa Mei kompyuta yoyote yenye mfumo wa zamani itafungiwa nje. Haitaingia tena kwenye mtandao wao. Kununua mpya ofisi haiwezi kwa sasa, kwa hiyo atakuja fundi kutia mfumo mpya ndani ya kompyuta hizi hizi kuukuu.

Ndinda, tunayekaa naye meza kwa meza, akacheka puani. Mimi sikucheka. Kazi yangu imesimama juu ya vitu viwili vya zamani. Cha kwanza ni msomaji, yaani programu inayonisomea kwa sauti kila neno lililo kwenye kioo cha kompyuta. Cha pili ni programu ya mizigo aliyoitengenezesha babake Mona, Mzee Hamdan, Mungu amrehemu. Haina picha wala haitaki kipanya. Yote ni maneno, na maneno msomaji anayaweza. Mteja akipiga simu, simu naiweka sikio la kushoto, kisikizi cha msomaji kiko la kulia. Naandika nambari ya kontena, msomaji ananinong'oneza, nami nimeshamjibu mteja kabla hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani. Wengi wao hawajui kwamba sioni. Napenda wasijue.

Nimeuliza, "Na msomaji wangu itakuwaje?"

"Da Zakiya," Mona amesema, "fundi atalitazama hilo."

Atalitazama.

Aprili 9

Mvua imeanza. Kompyuta ya Ndinda imerudi na mfumo mpya. Anasema akiiwasha anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kikombe, bado haijafunguka.

Aprili 14

Fundi ni Morris, kijana wa bara, ana karakana Ganjoni. Ana mkono mzito. Kila anachokiweka mezani nakisikia. Alisimama nyuma ya kiti changu akamuuliza Ndinda, "Huyu hutumia vipi hii?"

Nikasema mimi, "Huyu yuko hapa. Muulize."

Akaja mbele yangu. "Samahani, dada. Unatumia vipi?"

Nikamvalisha kisikizi. Msomaji wangu nimemzoesha kusema mbio, maana nikimwachia mwendo wa kawaida nasinzia. Morris akasikiliza, akasema hasikii neno, anasikia nyuki tu. Nikamweleza kwamba programu hii ilinunuliwa na Mzee Hamdan, na kwamba bila hiyo kompyuta kwangu ni sanduku.

"Mimi sijawahi kukutana na kitu hiki," akasema. "Sitakudanganya."

Ni heri angenidanganya kidogo. Ameibeba kompyuta hadi Ganjoni. Alipoondoka nimekuta amekisogeza kila kitu mezani: kikombe, simu, karatasi. Nimetumia muda kurudisha meza yangu kuwa yangu.

Aprili 16

Sina kompyuta. Mteja akiuliza, namwuliza Ndinda, Ndinda ananijibu, namjibu mteja. Kama mahakamani na mkalimani.

Aprili 17

Imerudi. Imeongezwa memori, imetiwa diski mpya, imetiwa mfumo mpya, na imekuwa bubu.

Msomaji wangu amekataa kuingia. Ndinda amenisomea maneno yaliyotokea kwenye kioo: toleo hili halifanyi kazi kwenye mfumo huu. Morris alikuwa ameshawapigia waliotengeneza. Wamemwambia kwamba toleo hilo limestaafishwa na leseni mpya ni ya kununua upya. Mona aliuliza bei, kisha akarudi ofisini kwake. Nilijua maana yake.

Kwa hiyo Morris ametia msomaji mwingine, wa bure. Sauti yake ni ya mtu aliyefunikwa bati mdomoni. Hilo nitazoea, sauti ni sauti. Tatizo ni kwamba anachelewa. Nabonyeza kitufe, nasubiri, nadhani sikubonyeza, nabonyeza tena, kisha ananisomea vyote viwili kwa mpigo.

Na programu ya mizigo haifunguki kabisa. Mfumo mpya hauitambui. Morris ameahidi kuishughulikia baada ya sikukuu ya Pasaka.

Aprili 22

Leo Morris amefanya jambo ambalo wote wamelisifu. Ameutia mfumo wa zamani ndani ya mfumo mpya. "Kama chumba ndani ya chumba," amesema. Kompyuta kwa nje ni mpya, kampuni ya meli itaridhika. Lakini ndani yake kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo mfumo wa zamani unaishi kama zamani, na programu ya Mzee Hamdan pamoja nao. Ndinda amejaribu kwenye yake, ikafunguka. Amepiga makofi. Mona ametoka ofisini kwake kuja kuona.

Nikakaa kwangu. Nikafungua.

Msomaji akasema, "Dirisha."

Nikaandika nambari ya kontena. Akanyamaza. Nikabonyeza mshale wa juu, wa chini, kila nilichokijua. "Dirisha," akasema tena, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Inafanya kazi," Morris alikuwa anasema nyuma yangu. "Iko hapo, dada, naiona."

"Wewe waiona."

Ilimchukua muda kuelewa, na mimi pia. Msomaji huyu anakaa chumba cha nje. Cha ndani, kwake, ni picha tu iliyotundikwa ukutani. Anajua kuna picha. Hajui imechorwa nini.

Aprili 23

Dirisha.

Aprili 24

Dirisha. Mvua tangu alfajiri. Ndinda anatoka Likoni, feri imemchelewesha, na bila Ndinda mimi sina macho wala kompyuta. Wateja niliwaambia mtandao una shida. Uwongo wa kwanza.

Aprili 28

Dirisha.

Mei 5

Morris amekuja na wazo. Programu ya mizigo inaweza kutoa orodha ya kontena zote na hali zake, ikaiweka nje kwenye faili la kawaida la maandishi. Faili hilo msomaji wa bati analisoma. Ndinda ataitoa orodha kila asubuhi akifika, nami nitaitumia siku nzima.

Nimelijaribu. Nimejibu simu yangu ya kwanza peke yangu tangu kabla ya Pasaka. Nimemshukuru Morris, na nimemwomba asiguse kikombe changu. Amesema hakigusi, amekwisha fundishwa.

Mei 8

Siku nzuri. Sina la kusema, na hilo ndilo zuri lenyewe.

Mei 13

Sijui nianzie wapi.

Yazid bin Hamid ana duka la nguo karibu na kwetu, hapa hapa Mji wa Kale. Ni mteja wangu tangu nilipoajiriwa. Hampigii mtu mwingine simu. Ana kontena ya nguo za watoto, za Idd. Jana saa tano asubuhi alipiga kuuliza. Nikatazama orodha. Kontena yake: imeachiliwa. Nikamwambia imeachiliwa, tuma lori.

Kumbe imeachiliwa ilikuwa hali ya saa mbili, orodha ilipotolewa. Baadaye asubuhi hiyo hiyo forodha waliizuia ikaguliwe. Kwenye programu yenyewe ilishabadilika. Kwenye orodha yangu haikubadilika, maana orodha ni maji yaliyochotwa asubuhi. Mto umeshakwenda zake.

Lori lilisimama getini mchana kutwa katika mvua ile iliyofurisha barabara. Dereva na wapakuzi hawakuondoka kwa sababu Yazid aliwaambia, Bi Zakiya amesema. Waliondoka magharibi, wamelowa, mikono mitupu.

Leo amekuja mwenyewe. Nilimtambua kwa fimbo yake na kwa namna anavyovuta pumzi baada ya ngazi. Aliingia moja kwa moja kwa Mona, na mlango haukufungwa.

"Sikuja kugomba," nilimsikia. "Nauliza tu. Bi Zakiya ana maradhi?"

Mona akasema hapana, ni mambo ya kompyuta.

"Kwa sababu mimi miaka yote namuuliza yeye, na yeye hakosi. Nikiambiwa na yeye, siulizi tena. Sasa nikitaka kujua habari ya mali yangu nimuulize nani?"

Alipotoka alisimama mbele ya meza yangu. "Salaam aleikum, Bi Zakiya."

"Aleikum salaam, Bwana Yazid. Nisamehe. Habari niliyokupa ilikuwa imeshapitwa."

"Wajua," alisema kwa upole, "afadhali ungesema hujui."

Angenitukana ningekuwa na la kumjibu.

Mei 14

Simu imehamishiwa kwa Ndinda. "Kwa sasa," amesema Mona. Mimi nitapokea wageni. Kiti changu kimesogezwa karibu na mlango.

Ofisi ya mizigo haina wageni.

Mei 15

Mgeni mmoja. Alikuwa anatafuta daktari wa meno, ghorofa ya juu.

Mei 16

Nasikiliza simu yangu ikijibiwa na mtu mwingine. Ndinda husema, "Ngoja nivae miwani." Kisha husema, "Ngoja, inafunguka." Anacheka nao. Bwana mmoja wa Malindi ambaye kwangu huwa mkavu kama kaukau, kwake anatoa vichekesho. Nimekula chakula changu cha mchana peke yangu mlangoni. Aliniita, nikasema sina njaa, na mkononi nina sambusa.

Mei 19

Mvua. Taib amenikuta nimekaa barazani ndani, sijavua viatu.

"Acha kazi," amesema. "Nyumba hii yakukosesha nini? Wala, walala, watoto wangu wakupenda. Kwenda huko ofisini Mbaraki kila siku kuwekwa mlangoni kama bawabu, kwani wataka nini?"

Taib ni mwema. Ni wema wake ndio hunichosha. Nimemwambia nataka mtu aniulize kitu nikijue. Amesema yeye ataniuliza. Akaniuliza kesho tupike nini.

Mei 20

Leo sikwenda kazini. Nilimpigia Mona nikamwambia naumwa kichwa, na kichwa kilikuwa kinauma kweli. Kisha nikapanda tuktuk mpaka Ganjoni, kwa Morris.

Sikuwa na mpango. Nilitaka kumgombeza mtu, na yeye ndiye aliyenijia akilini. Karakana yake ni chumba kimoja chini ya ghorofa, kinanuka risasi ya kuchomea waya na vumbi lililopata moto. Alinivutia kiti. Nikamwambia yote niliyokuja nayo: kwamba alichukua kompyuta inayosema akanirudishia isiyosema, kwamba alisifiwa kwa chumba ndani ya chumba ambacho mimi nimefungiwa nje, na kwamba ile orodha yake imenifanya mwongo mbele ya mtu nisiyetaka kumdanganya.

Nilisikia akizima feni ili asikie vizuri. Halafu akasema, "Njoo usikie hii."

Akanivalisha kisikizi. Sauti ya bati ikasema, "Dirisha." Nikataka kukivua. Akasema, "Bado. Bonyeza Enta."

Nikabonyeza. Na kutoka ndani, mbali, sauti ya pili ikaanza kuzungumza. Ilikuwa inakatika vibaya, kama redio ya mtu anayepita barabarani, lakini niliyatambua maneno. Yalikuwa ya ukurasa wa kwanza wa programu ya Mzee Hamdan.

"Nimetafuta toleo la zamani la huyu msomaji wa bure," Morris akanieleza. "Matoleo mapya hayaukubali mfumo wa zamani, lakini la miaka ile linaukubali. Nikalitia chumba cha ndani. Sasa una wasomaji wawili, mmoja nje, mmoja ndani. Ukiingia ndani unamnyamazisha wa nje."

"Mbona anakatika hivi?"

"Kwa sababu hii hapa ina nguvu sawa na ya kwako. Kubeba mifumo miwili na wasomaji wawili imeshindwa. Memori nimeshatia mpaka mwisho, haina pa kuongezea. Kompyuta inayoweza kubeba haya pale kwenu ni moja tu."

"Ya Mona."

"Ya Mona. Na mimi ni fundi wa kuitwa, siwezi kumwambia bosi ampe mtu kompyuta yake."

Nikamuuliza tangu lini anafanya haya. Akasema wiki ya pili sasa, akipata nafasi. Nikamuuliza amejuaje vitufe ninavyotumia, maana alikuwa amevipanga kama nilivyovizoea.

"Ndinda," akasema. "Hupitia hapa akienda Feri. Anasema amekaa karibu nawe mpaka anajua kwa mlio unabonyeza nini."

Akaendelea, nadhani alidhani najua. Kwamba mwezi wa nne, kompyuta yangu iliposhindikana, Mona alitaka kunipa notisi. Kwamba Ndinda alimwomba anipe muda, akasema ikibidi ataibeba simu juu ya kazi zake mwenyewe, asiletwe mtu mpya kwenye meza yangu, maana akishaletwa mtu meza haitarudi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kipande kikubwa cha njia, na fimbo yangu, na mvua, nimekasirika zaidi ya nilivyokwenda. Watu wote walikuwa wananipigania, isipokuwa mimi, ambaye hakuna aliyeniambia kuna vita.

Mei 22

Nimemvuta Ndinda kwenye ngazi wakati wa chakula.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakuuliza nini. "Ungeacha kazi siku hiyo hiyo. Nakujua."

"Pengine ningeacha. Ningeacha mimi."

"Najua," akasema. "Nilikosea hapo. Lakini nilikuwa nakuona unafungua ile kitu kila asubuhi, inakuambia dirisha, unaifunga, unaifungua tena. Nikaona nikiongeza la notisi nitakuvunja."

"Na simu? Unacheka nao."

Akasema, "Mwanzo sikuitaka. Sasa naipenda. Hilo pia sikutaka kukuambia."

Kuna watu wangesema uwongo hapo. Tumekula pamoja, hatukuzungumza sana. Bado nimekasirika. Lakini nimekula.

Mei 26

Nimemwendea Mona. Nilimjua akiwa msichana wa shule anayekuja kufanyia hesabu zake kwenye meza yangu, na leo nilibisha hodi nikasubiri kuambiwa karibu.

Nikamweleza aliyoyatengeneza Morris. Nikamwambia nataka kompyuta yake.

Akacheka kidogo, kisha akaona kwamba sichezi. "Da Zakiya, hii natumia kukutana na wale wa ng'ambo kwa video. Nikitumia zile nyingine uso wangu unaganda, wananiona nimekaa mdomo wazi. Wakituona hivyo watatuamini na meli zao?"

"Na Yazid akituona hivi?"

Alianza kupanga karatasi zake.

"Nimesikia ulitaka kunipa notisi," nikasema. "Ulikuwa uniambie lini?"

Nilisikia akiisogeza kalamu mezani. "Sikujua nitaanzaje. Baba ndiye aliyekuajiri."

"Babako hakuniajiri kwa huruma. Aliniajiri kwa sababu sikio langu ni jepesi na nilikuwa sipotezi nambari. Kama kazi siiwezi tena, niambie siiwezi, niende nyumbani nikamuulize Taib tupike nini. Lakini mimi sijashindwa kazi. Ni kompyuta iliyoshindwa. Hayo ni mambo mawili."

"Nitafikiri," akasema.

Nimekuwa nikisikia nitafikiri tangu utotoni. Najua inavyoisha.

Mei 27

Wageni: hakuna. Mona: hakuna.

Mei 28

Mona amepita mbele yangu mara kadhaa. Kila mara marashi yake yamesimama kidogo, kisha yakaenda zake.

Mei 29

Ameamua, na uamuzi wenyewe sikuwa nimeufikiria.

Wa ng'ambo hukutana nao mchana, asubuhi huko kwao bado hawajafungua ofisi. Kwa hiyo asubuhi mpaka adhuhuri kompyuta ni yangu, mchana ni yake. Lakini haihamishwi, maana ina kamera yake na waya zake na mapazia nyuma yake. Nitakwenda mimi kukaa kwenye meza yake.

"Na wewe utakaa wapi?" nikamuuliza.

"Kwako," akasema. "Pale mlangoni. Nina karatasi za kutia saini, naweza kuzitilia saini popote."

Na simu? Asubuhi yangu, mchana ya Ndinda. Nilimgeukia Ndinda, nikasikia anavuta kiti. "Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali lakini amepokonywa nusu. Sauti hiyo naijua, niliitumia wiki mbili.

Nusu ya kazi, kwenye meza isiyo yangu. Taib nilipomwambia aliuliza kama hilo ni jambo la kufurahia. Nimemwambia sijui.

Mei 31

Siku ya mwisho waliyotupa. Jumamosi, lakini tulikuja sote. Morris alitia vyumba vyake viwili kwenye kompyuta ya Mona, akatengeneza ya mwisho iliyobaki, akathibitisha kila moja inaingia kwenye mtandao wa kampuni ya meli. Zote zimeingia.

Nikajaribu. Sauti ya ndani haikatiki tena. Inachelewa: nabonyeza, navuta pumzi, ndipo inasema. Nimemwambia Morris nitaizoea, akasema anajua hiyo si sawa na ya zamani, na kwamba hana zaidi ya hapo. Nimemwamini. Mtu ambaye siku ya kwanza alisema hajui, akisema hana zaidi, huwa hana zaidi.

Juni 3

Jana ilikuwa sikukuu ya taifa, leo ndiyo siku yenyewe. Kiti cha Mona kinazunguka. Nilikaa, kikanigeuzia ukutani. Nimekuta ameniondolea kila kitu mezani, ameacha kibodi na simu tu.

Simu ya kwanza, kontena haijashuka melini. Ya pili, imeshuka, bado malipo. Kila mara ilibidi niseme, "Subiri kidogo," na kila mara niliona haya, maana hilo neno sikuwa nalo zamani. Bwana wa Malindi aliuliza Ndinda yuko wapi. Nikamwambia mchana.

Kisha akapiga Yazid. Kwa salamu zake nilijua alitegemea kumpata Ndinda, akasita aliponisikia, kisha akaendelea kwa adabu yake ile ile. Ana kontena nyingine, ya mwisho kabla ya Idd, na Idd ni Ijumaa.

"Nambari nipe," nikasema.

Akanipa. Nikaandika. Nikavuta pumzi, nikavuta na ya pili. Sauti ya ndani ikasema: imekaguliwa, imeachiliwa, iko yadi ya kuchukulia mizigo. Nikamwambia.

Akasema neno ambalo mtu huyu hajapata kuniambia tangu nimjue.

"Una hakika?"

Zamani ningeumia, na leo niliumia. Lakini sikumjibu haraka. Nikamwambia, "Subiri niitazame tena." Nikaifunga kontena yake, nikatoka mpaka ukurasa wa mwanzo, nikaanza upya, nambari moja baada ya nyingine, ile polepole ya kompyuta na polepole yangu. Yeye alikuwa anasikia vitufe. Hakukata simu.

Imekaguliwa. Imeachiliwa. Iko yadi.

"Iko yadi, Bwana Yazid. Saa hii ninayozungumza nawe. Nina hakika."

"Haya," akasema. "Natuma lori."

Saa yangu ilipokwisha nilimpisha Mona kwenye kiti chake kinachozunguka, nikaenda mlangoni kwangu, na simu ikapelekwa kwa Ndinda. Mchana kutwa niliisikiliza ikilia kwake, nikitega sikio kila aliposema jina. Malindi. Kilindini. Mama mmoja wa mitumba. Hata tulipofunga ofisi Yazid hakupiga tena. Mtu aliyepata mzigo wake hapigi simu.